Kusimika fremu na mlango kwenye kuta zisizonyooka: mwongozo kamili

Fremu haifuati ukuta, inafuata timazi, ule uzi wenye uzito unaoonyesha wima. Ukuta ndio utakaoifuata fremu baadaye, kwa plasta, kwa patasi au kwa ubao wa kufunikia. Fundi anayeilazimisha fremu ilale na ukuta ulioegama huonekana amemaliza mapema, lakini mlango utamsema: utajifungua wenyewe, utakwaruza sakafu ukifika nusu ya mzunguko wake, au utagusa juu huku chini pakipita kidole.

Maelezo haya ni ya mlango wa mbao wenye bawaba ndani ya fremu ya mbao, kwenye ukuta wa matofali, bloku, mawe au udongo. Fremu ya chuma ina namna yake ya kukamatishwa, ila upimaji ni uleule.

Jua kwanza ukuta umekosea wapi

Kusema "ukuta umepinda" hakutoshi. Ukuta unaweza kuegama, yaani juu umetokeza kuliko chini. Unaweza kuwa na tumbo katikati. Unene wake unaweza kubadilika kutoka sehemu moja hadi nyingine. Uwazi wenyewe unaweza kuwa mpana juu na mwembamba chini, au sakafu ikawa na mteremko. Baya kuliko yote ni pale pande mbili za uwazi zinapoegama kinyume: upande wa kulia unaelekea chumbani, wa kushoto unaelekea ukumbini. Ukiifuata hali hiyo, miimo miwili ya fremu, yaani nguzo zake za pembeni, itapishana kama miguu ya mkasi, na hakuna mlango bapa utakaokaa vizuri hapo. Kosa hili halionekani kwa macho. Linaonekana siku unapofunga kitasa.

Vifaa

Unahitaji pimamaji ndefu (ya mita 1.2 au zaidi), timazi, uzi, tepu ya kupimia, skwea, ubao mmoja ulionyooka kwelikweli wenye urefu wa takriban mita 2, msumeno, randa, patasi, nyundo, drili na rundo la kabari za mbao. Mpira mwembamba wa maji unaoonyesha ndani utakusaidia sana kuhamisha usawa kutoka upande mmoja wa ukuta hadi mwingine. Hakikisha tu hauna mapovu ya hewa.

Pimamaji yenyewe ipimwe kabla ya kuaminiwa. Iweke ukutani, soma kiputo kilipo, kisha igeuze kichwa kiende chini na uiweke palepale. Kiputo kikionyesha kitu tofauti, pimamaji hiyo imeharibika na itakupotosha siku nzima.

Mstari wa mita moja

Kabla ya kupima chochote, chora mstari wa usawa kuzunguka uwazi, pande zote mbili za ukuta, ukiwa mita 1 juu ya sakafu *iliyokamilika*. Kama vigae au zege la juu bado havijawekwa, ongeza unene wake sasa hivi. Vipimo vyote vya kimo vitatoka kwenye mstari huu, si kwenye sakafu, kwa sababu sakafu nayo ni mshukiwa.

Pima kutoka mstarini kwenda chini, kushoto na kulia. Tuseme kushoto unapata 1,000 na kulia 992. Sakafu ya kulia iko juu kwa milimita 8, kwa hiyo mwimo wa kulia utakatwa uwe mfupi kwa milimita 8 kuliko wa kushoto. Usikate yote miwili sawa kisha ukaweka kipande cha mbao chini ya mmoja wao, kitaoza au kitasogea.

Hapohapo pima na eneo lote ambalo mlango utapita ukifunguka, si chini ya fremu peke yake. Sakafu ikipanda kuelekea ukutani, mlango wenye nafasi ya milimita 8 chini unaweza kukwama katikati ya safari. Hili ukiligundua sasa, bado una njia: kuhamisha bawaba upande wa pili, kufungulia mlango upande mwingine wa ukuta, kuinua kizingiti cha chini, au kutumia bawaba zinazoupandisha mlango unapofunguka. Ukiligundua mwishoni, umebaki na msumeno peke yake.

Kupima uwazi

Pima upana sehemu tatu: juu, katikati, chini. Andika namba kwa penseli ukutani, palepale ulipopima. Wengi huishia hapo, huchukua kipimo kidogo kuliko vyote na kwenda kuagiza fremu. Kipimo hicho kinaweza kudanganya.

Chukua uwazi wenye upana wa milimita 920 kila mahali. Unaonekana mzuri. Lakini kama pande zote mbili zimeegama kulia kwa milimita 15 kutoka chini hadi juu, nafasi iliyosimama wima ndani yake ni milimita 905 tu. Kwa hiyo teremsha timazi kila upande kutoka mahali palipotokeza zaidi kuingia kwenye uwazi, na upime kati ya nyuzi mbili. Huo ndio upana wako wa kweli. Fremu kwa nje iwe pungufu ya hapo kwa milimita 20 hivi, yaani milimita 10 kila upande za kuchezea kwa kabari. Chini ya milimita 5 utabanwa. Zaidi ya 20 kila upande, ukuta unahitaji kujazwa kwanza.

Kisha pima unene wa ukuta, ukiwa na plasta yake, sehemu tatu kila upande wa uwazi. Hapa ndipo maamuzi yanapoanza. Tofauti ikiwa ndani ya milimita 6, tengeneza fremu kwa unene mkubwa kuliko wote na uilete plasta ikutane nayo. Tofauti ikiwa kubwa zaidi, usiifuate ile nundu moja: chukua unene wa sehemu nyingi, halafu nundu ichongwe. Na kama upande mmoja wa ukuta lazima uonekane vibaya kidogo, uwe ule ambao mlango haufungukii. Upande wa bawaba unatakiwa kuwa sawa na uso wa ukuta ili mlango ufunguke hadi mwisho.

Mwisho, ning'iniza timazi mbele ya uso wa ukuta, kushoto na kulia mwa uwazi, na upime umbali kutoka uzi hadi ukutani juu, katikati na chini. Namba hizi sita zinakuonyesha mwegamo wote. Tuseme ukuta umeegama milimita 12 kwa kimo chote. Ukiipanga fremu iwe sawa na ukuta chini, juu itapishana nao kwa milimita 12, jambo ambalo ni baya kufunika. Ukiigawa tofauti, juu ukuta utaizidi fremu kwa milimita 6 na chini fremu itauzidi ukuta kwa 6, na kila kosa litafichika kirahisi. Fremu yenyewe bado imesimama wima.

Je, fremu inaweza kuegama kidogo pamoja na ukuta? Mimi huruhusu milimita 2 kwa kimo chote, na kwa sharti kwamba miimo yote miwili imeegama pamoja, upande mmoja. Miimo kuwa sambamba ni muhimu kuliko kuwa wima kabisa. Zaidi ya hapo sikubali, hata mwenye nyumba akisisitiza kwamba "haitaonekana".

Kuuandaa uwazi

Gonga plasta kuzunguka uwazi kwa mpini wa nyundo. Palipo na mlio mtupu, bandua mpaka ufike pagumu, kwa sababu skrubu iliyopita kwenye plasta iliyoachana na ukuta haishiki kitu. Vaa miwani ya kukinga macho. Ukihitaji kupanua, chonga pande, usiguse linta (boriti iliyo juu ya uwazi) wala sehemu inayokalia bila kujua ni nini kinaibebesha mzigo na bila kuweka nguzo za muda.

Ukihitaji kupunguza uwazi, jaza kwa tabaka zisizozidi milimita 15 kila moja, ya kwanza ikaukie kabla ya ya pili, na ikwaruzwe ishike. Pengo likifika milimita 40, achana na plasta. Jengea vipande vya tofali.

Ukuta wa udongo una tabia yake. Plagi za plastiki hulegea ndani yake, na saruji kali huachana nao. Chonga mashimo, pachika vipande vya mbao ngumu vilivyopakwa dawa ya wadudu, vijengee vizuri, na fremu ikamatwe kwenye mbao hizo. Kama ukuta ni laini sana, iache miimo iwe mirefu ipande hadi kwenye mbao za juu za jengo na ikazwe huko, ili kishindo cha mlango kisibebwe na udongo. Bloku zenye matundu nazo zijazwe zege mahali skrubu zitakapoingia, siku kadhaa kabla.

Bawaba zikae upande gani? Uchaguzi ukiwepo, weka upande ambao ukuta ni imara zaidi. Upande wa bawaba ndio unaobeba uzito wote. Upande wa kitasa unapokea vishindo tu.

Kuiandaa fremu

Fremu iliyokwisha kuunganishwa ilazwe chini mahali tambarare. Pima kona kwa kona, ulalo wote wawili. Ulalo ukilingana, kona za fremu zina pembe mraba. Ukitofautiana, sukuma kona yenye ulalo mrefu mpaka zilingane. Kwa fremu ya 900 kwa 2,100, kila ulalo unakuja karibu 2,285. Ukishapata, pigilia ubao wa mshazari kwenye kona ya juu, na mwingine wa kulala chini, uliokatwa kwa kipimo kilekile cha ndani ya fremu *pale juu*. Ukikata ubao wa chini kwa kukisia, miimo itafunguka au itabana bila wewe kujua. Mbao hizi za muda hazitoki mpaka fremu imeshika na kujaziwa.

Paka dawa ya kuzuia wadudu na unyevu upande wa nyuma wa fremu na ncha za chini za miimo. Baada ya leo hutazifikia tena.

Kusimamisha

Chora kwenye miimo alama ya mita 1 juu ya sakafu iliyokamilika, ingiza fremu, ipandishe hadi alama hizo zikutane na mstari wa mita moja, kisha uibane juu kwa kabari. Kabari za juu ziwe moja kwa moja juu ya miimo. Ukizipiga katikati ya kizingiti cha juu, kitapinda kwenda chini.

Kabari zitumike mbilimbili, moja kutoka kila upande wa ukuta, ncha zikipishana. Kabari moja peke yake huusokota mwimo, kwa kuwa inasukuma ukingo mmoja tu. Weka jozi nyuma ya kila mahali bawaba itakapokaa, nyuma ya kitasa, na kila mahali skrubu itakapopita.

Anza na mwimo wa bawaba. Usimamishe kwa timazi pande zote mbili: kulia na kushoto, kisha mbele na nyuma. Pimamaji fupi inaweza kukuambia mwimo uko wima ilhali katikati una tumbo, kwa hiyo egemeza ubao wako ulionyooka kwa urefu wote na utazame mwanga unapopita. Mwimo huu ukikaa sawa, ukamate kwa skrubu moja juu na moja chini, bila kukaza mpaka mwisho. Mwimo wa kitasa hauna uhuru wake: unafuata wa bawaba. Uache ukae kwa umbali uleule juu, katikati na chini.

Sasa kuna jaribio ambalo halina mbadala. Funga nyuzi mbili kutoka kona hadi kona mbele ya fremu, zipishane katikati. Fremu isiyo na msokoto, nyuzi zitagusana tu, bila kusukumana. Zikiachana, au mmoja ukiukunja mwingine, miimo imepishana. Badilisha uzi wa chini uwe wa juu ili ujue unaelekea wapi. Pengo la milimita 3 katikati lina maana kona moja imetoka kwa milimita 6, mara mbili ya unachokiona. Sogeza chini ya mwimo wa kitasa ndani au nje mpaka nyuzi zibusiane. Ukuta utabaki umetokeza upande mmoja na kuzama upande wa pili. Acha ubaki hivyo.

Kukaza na kujaza

Kila mwimo upate angalau skrubu nne, ya kwanza milimita 150 hadi 200 kutoka mwisho, na nyingine zisiachane kwa zaidi ya milimita 600. Mlango mzito upate tano upande wa bawaba. Skrubu iingie kwenye ukuta wenyewe milimita 50 au zaidi, bila kuhesabu plasta. Kaza kidogo, pima, kaza tena. Skrubu inayokazwa mahali pasipo na kabari huuvuta mwimo uufuate ukuta, na hapo umerudi ulikoanzia.

Mianya ijazwe kwa saruji na mchanga, sehemu 1 kwa 4, kwenye ukuta uliolowanishwa. Ukuta wa udongo ujazwe kwa udongo wenye nyasi zilizokatwakatwa au kwa mchanganyiko wa chokaa. Povu la kopo ni rahisi na linafika pembeni, lakini linapanuka kwa nguvu ya kupinda mwimo. Chagua lisilopanuka sana, jaza nusu ya mwanya tu, na uache mbao za kulala tatu ndani ya fremu mpaka likauke. Povu si mbadala wa skrubu.

Mlango

Mlango ukae siku chache ndani ya nyumba kabla ya kukatwa, uizoee hewa yake. Kisha usimamishe ndani ya fremu. Nafasi inayotakiwa ni milimita 3 juu na pembeni, na milimita 6 hadi 10 chini, kutegemea sakafu. Vipande vya plaiwudi ya milimita 3 ni kipimo kizuri kuliko jicho.

Piga randa upande wa bawaba kwanza mpaka ulingane na mwimo wake, ndipo uhamie upande wa kitasa. Ukingo wa kitasa ukatwe kwa mteremko kidogo, kama milimita 2 kwa unene wa mlango, upande unaotangulia kuingia kwenye fremu ndio upunguzwe. Bila hivyo kona itagusa wakati wa kufunga. Milango yenye tumbo tupu ina mbao nyembamba pembezoni, kwa hiyo usipunguze kupita kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji. Milango ya kuzuia moto haipunguzwi ovyo hata kidogo.

Bawaba ya juu iwe milimita 150 kutoka juu ya mlango, ya chini milimita 225 kutoka chini, na ya tatu katikati. Kwa mlango mzito, ya tatu isogezwe karibu na ya juu, maana huko ndiko mlango unakovuta. Chonga kitanda cha bawaba, yaani kishimo linamolala bati lake, kwa kina cha unene wa bati lake, si zaidi. Weka skrubu moja tu kwa kila bawaba, jaribu mlango, ndipo uweke zilizobaki.

Ukikataa, usikimbilie randa. Mlango ukigusa juu upande wa kitasa, umelala: ongeza kina cha kitanda cha bawaba ya juu kidogo, au weka kipande cha kadi nyuma ya bawaba ya chini. Ukirudi nyuma kama wenye springi unapokaribia kufunga, bawaba zimezama mno au vichwa vya skrubu vimetokeza. Ukijifungua au kujifunga wenyewe, mhimili wa bawaba haupo wima, rudi kwenye timazi.

Na ukigusa ubao wa kizuizi (ule unaousimamisha mlango ukifungwa) juu huku chini umeachana nao kwa milimita 6, ule msokoto umekupita. Kama kizuizi kimepigiliwa juu ya fremu, gawa kosa: sogeza sehemu ya chini ya kizuizi milimita 3 kuelekea mlangoni, na bawaba ya chini milimita 3 kuelekea kizuizi. Mlango ni ubao bapa, ukiusogeza chini upande wa bawaba, chini upande wa kitasa nako kunasogea.

Chonga mahali pa kitasa mlango ukiwa tayari unafunga vizuri, kishikio kikiwa karibu mita 1 kutoka sakafuni. Alama ya ulimi kwenye mwimo itolewe na ulimi wenyewe, si na tepu.

Fremu ya zamani isiyoweza kung'olewa

Hapa kanuni inageuka: mlango ndio utakaofuata fremu. Kata kiolezo cha plaiwudi nyembamba kinachoingia ndani ya fremu na nafasi zake, kihamishie kwenye mlango, kisha kata. Kosa likiwa chini ya milimita 6, mlango uliokatwa kwa mshazari hautatambulika. Likizidi, gundisha vipande vya mbao pembezoni mwa mlango kabla ya kukata, ili usile mbao za viungo. Bawaba zipangwe kwa uzi wa timazi hata kama mwimo umeinama, ukizamisha moja na kuinua nyingine kwa kipande cha mbao.

Kufunika tofauti

Fremu ikiuzidi ukuta, leta plasta polepole kutoka mbali, milimita 300 hadi 600, ili mteremko usikamate mwanga. Ukuta ukiizidi fremu, chonga plasta kwa upana wa ubao wa kufunikia tu na uuzamishe humo. Pale unapoanzia sifuri na kuishia milimita 8, kata ubao wenye umbo la kabari ndefu, uupigilie ukingoni mwa fremu, kisha ubao wa kufunikia ukae juu yake. Ukingo unaogusa ukuta uchorwe kwa penseli inayoburutwa pamoja na kipande kidogo cha mbao ukutani. Penseli itanakili kila bonde, na msumeno utafuata.

Kabla ya rangi, toa mlango bawabani mara moja tena na upake ncha ya juu na ya chini. Ndizo zinazosahaulika, ndizo zinazonyonya unyevu, na msimu wa mvua ukifika ndizo zitakazovimbisha mlango uliokuwa na milimita 3 kila upande.